Mwamba Nyuma ya Picha

Jumatatu asubuhi nilipata habari kwamba yule mpiga picha mzee wa Nyamagana ametutoka. Mmezoea kunisikia nikisema kweli hata inaponiaibisha, basi kabla ya machozi nilihisi ahueni. Tangu nirudi kutoka Ulaya, mtu huyu alikuwa mwiba wangu. Mimi nina stashahada ya upigaji picha, niliyoisomea huku nikiosha vyombo hotelini, bila mjomba wala mfadhili. Yeye alijifunzia kazi kwenye kibanda cha picha za pasipoti. Mimi ndiye mwenye kamera ambayo hapa Mwanza sijaiona ya pili yake: unalenga kwa kulinganisha taswira mbili kwenye kidirisha mpaka ziwe moja, na kila picha hutoka na muhuri ndani yake, unaothibitisha ilipigwa na kamera gani, saa ngapi, na kwamba hakuna mkono ulioichezea. Siku hizi simu yoyote inaweza kukutengenezea picha ya mamba anakunywa chai, kwa hiyo niliamini mji mzima ungepanga foleni mlangoni kwangu. Foleni ilikuwa kwake.

Kisa cha Kiseke ndicho kilichonichoma zaidi. Mama mmoja mjane aligombana na jirani yake juu ya mpaka wa kiwanja, na kiwanja hicho ndicho pekee alichoachiwa na marehemu mumewe. Jirani akaniita nipige picha ya bikoni, lile jiwe la mpaka, ilivyosimama. Nikapiga nilivyofundishwa: nikasogea karibu, nikafungua lenzi hadi mwisho, jiwe likang'aa na nyuma yake pote pakayeyuka kuwa ukungu laini. Mbele ya mwenyekiti wa mtaa niliwaonyesha muhuri kwenye kompyuta, nikatamka, "Picha hii haijui uongo." Mjane akainamisha kichwa.

"Mwenyekiti, na mimi ninayo," akasema yule mpiga picha mzee, aliyekuwa amekuja na mjane, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na picha iliyofifia, aliyoipiga siku bikoni ilipopandwa. Alikuwa na mazoea yake: hakupiga picha ya ardhi bila kuingiza mwamba, maana kwetu kila mtaa una mwamba wake na watu wanaujua kama uso wa jirani. Katika picha ile, jiwe lilikuwa chini kabisa ya mwamba unaofanana na kuku anayeatamia. Tukaenda wote kutazama. Bikoni sasa ilikuwa hatua kumi na moja kutoka kwa kuku, imesogezwa ndani ya kiwanja cha mjane.

"Mtaalamu," mama mmoja akaniuliza, "kwenye picha yako kuku yuko wapi?"

"Si ameshaliwa!" akadakia mwingine, watu wakaangua kicheko, jirani akitazama viatu vyake.

Mzee hakucheka. "Ng'wanawane," akaniambia, yaani mwanangu, "kamera yako ni shahidi mkweli. Ila ulimfunika macho."

Mjane alirudishiwa ardhi yake. Mimi nilirudi nyumbani na wivu. Ningemsamehe kama angenishinda kwa mashine bora. Alinishinda kwa kuwajua watu na mawe yao, somo ambalo chuoni kwetu halikuwepo.

Wivu huo ulinifuata hadi msibani, ambako turubai hazikutosha watu. Familia ilikosa picha nzuri ya marehemu, kwani yeye alikuwa nyuma ya kamera maisha yake yote. Nikajitolea, kwa kiburi, ile niliyompiga mwaka jana. Mkewe aliishika kwa mikono miwili.

"Amependeza, baba," akasema. "Hapa alikuwa wapi?"

Nikatazama. Nyuma yake palikuwa na ukungu wa kahawia na kijani. Muhuri ulinipa siku, saa na dakika. Mahali sikupakumbuka.

Baada ya mazishi, watu walipoanza kutawanyika, nilitoa kamera. Nikarudi nyuma hatua nyingi kuliko ninavyopenda, nikapunguza tundu la lenzi mpaka kaburi, mashada na mwamba ulio nyuma yake vikaonekana kwa usawa. Picha yenyewe haina uzuri wowote. Mwalimu wangu wa Ulaya angeikataa. Nilijifunza kwamba uthibitisho wa mashine huishia pale kioo cha lenzi kinapoanza, na kilichobaki ni wajibu wa anayesimama nyuma yake, awe na cheti au asiwe nacho. Bado namwonea mzee wivu, tena leo kuliko jana. Nilimpelekea mkewe nakala. Hakuniuliza ni wapi.