Pasipoti Yangu Ilifika Matangani Kabla Yangu

Kufuli lilikuwa nje, mimi ndani. Askari walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta wageni wasio na karatasi, na mama mwenye nyumba alikuwa amenificha kwenye stoo yake ya mkaa. Bati lilikuwa karibu na kichwa changu na jua lilishaliwasha. Kabla ya kufunga aliniambia, kwa Kiswahili chake alichokiokota Mtwara: "Baba, ukikohoa tumekwisha wote wawili." Vumbi la mkaa lilinipanda kooni, nikang'ata mkanda wa begi langu. Askari mmoja alilishika kufuli, akalitikisa. Mkojo ukanitoka. Hilo naliandika bila aibu, maana aibu yake si yangu.

Hapo ni Nacala, mji wa bandari wa Msumbiji. Mimi ni mtu wa Kamachumu, kahawa na migomba, niliishia darasa la nne. Sikujipeleka huko. Aliyenipeleka anaishi Buhembe, mjini Bukoba, nyumba ya ukuta na geti, na watu wanamwita mstaarabu.

Yeye ni omunywani wangu. Kwetu Wahaya huyo anapita rafiki. Baba yake na baba yangu walichanjana karibu na kitovu, wakachukua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, wakazipaka damu, kila mmoja akameza ya mwenzake. Kuanzia hapo watoto wa huku ni watoto wa kule. Omunywani akikuita huendi kuuliza kwanza.

Alikuwa ametoka Dar es Salaam na hela zake, ameona Wazungu wanavyotembea dunia na mabegi mgongoni, na yeye akataka. Hakutaka kwenda peke yake. Nilimwambia mama yangu anaumwa, miguu imevimba, siwezi. Hakubishana na mimi. Alipanda Kamachumu akaenda kumwomba mama mwenyewe, akampelekea sukari na kitenge. Mama akaniita kitandani kwake akasema niende, nisimwaibishe baba yangu kaburini. Basi nikaenda. Kuna watu wanafungwa kwa kamba, mimi nilifungwa kwa adabu.

Tulipita Lilongwe, Blantyre, tukaingia Msumbiji, Nampula, kisha miji ya pwani. Kusema kweli mwanzoni nilicheka sana. Tulilala nyumba za wageni za bei rahisi, tukala samaki na mihogo, yeye akijipiga video na kuniingiza na mimi, akiniita waziri wake wa ndizi. Lakini kila nikisema turudi, mama hali yake siijui, alisema mji mmoja tu, kisha tunageuza. Pasipoti zote mbili alishika yeye, eti mimi nitaziangusha. Simu yangu nayo ilikaa kwenye begi lake ikichajiwa na betri yake.

Nacala akakutana na Wazungu wenye mashua wanaokwenda visiwani. Mimi bahari ilikuwa imeshanitapisha, nikakataa kupanda.

"Mhaya gani anaogopa maji na amezaliwa ziwani?"

"Kamachumu ni mlimani," nikamjibu.

Akacheka. Akasema anakwenda leo, kesho kutwa yuko hapa, nilinde begi langu. Begi lake alilivaa. Nilisimama nikamwangalia mpaka mashua ikawa ndogo, na hata wakati huo sikukumbuka pasipoti.

Hakurudi. Namba ya mke wangu ilikuwa ndani ya simu, kichwani sikuwa nayo. Ubalozi uko Maputo, na njia yote, ya Maputo na ya mpakani, ina vizuizi vya kuuliza karatasi. Mama yule mwenye nyumba alinihurumia, nikawa namchotea maji na kumpasulia kuni ndani ya ua, mchana kutwa ndani ya ua. Geti la ua nililitazama hadi nikajua misumari yake. Kila msako ulipokuja, stoo na kufuli. Wiki zikawa miezi.

Mwishowe walinikamata, nimetoka nje kumnunulia chumvi. Walinilaza rumande, wakanipakia lori na wenzangu, wakatutupa mpakani Ruvuma. Waliodhaniwa maadui ndio walionirudisha kwetu. Kutoka Mtwara mpaka Bukoba nilikula kwa huruma za watu.

Nikafika Kamachumu nikakuta kaburi la mama limeshaota majani.

Mke wangu hakunikumbatia. Aliingia chumbani akatoka na pasipoti yangu, akaiweka mezani. Omunywani alikuwa amemletea, akasema nimempa kwa mkono wangu, nimesema sirudi, nimepata mwanamke. Mama akaisikia hiyo, akafa nayo. Na siku ya mazishi, kwa kuwa mtoto wa kiume aliyekuwa akimtunza hayupo, omunywani alisimama mahali pangu. Yeye ndiye aliyetupa udongo wangu kaburini.

Kaka yangu mkubwa aliishika ile pasipoti matangani, hakuuliza. Mzee wa kanisa aliishika, hakuuliza. Nilipokwenda kulalamika, mzee huyo alinijibu: "Mshukuru, alikuzikia mama."

Simshukuru. Amenitumia watu waseme anataka kuleta ng'ombe na rubisi, pombe yetu ya ndizi, tupatane. Ng'ombe sitaki, na rubisi ainywe kwake Buhembe. Nataka apande Kamachumu mchana, wakiwepo mke wangu, kaka yangu, mzee wa kanisa na wote waliokuwa mazishini, ajibu swali moja: mtu aliyemwacha mwenzake nchi ya watu na kuondoka na karatasi zake, alimwambia nini mama yangu akiwa kitandani, neno kwa neno? Na nyinyi mlioishika ile pasipoti mikononi, mkajua kabisa mtu havuki mpaka bila hiyo, mjibu pia. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyeuliza mimi nitarudi na nini?