Sauti Ndani ya Amplifaya

Juzi, mjini Songea, kijana mmoja alipiga gitaa kwenye amplifaya aliyoiunda mwenyewe. Mngurumo wake mzito, wenye mkwaruzo kidogo, ulinirudisha kijijini Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, kwenye mchana mmoja wa utotoni.

Mjomba Festo alikuwa akimuundia kaka yangu Damiani amplifaya kwa valvu, zile taa ndogo za kioo, za redio mbovu. Kaka alivuka ziwa kwenda Malawi kutafuta nyuzi za gitaa. Boti ilipatikana, yeye hakupatikana. Mama alikataa msiba usiwekwe. Mjomba aliendelea kulehemu, na nyumba ikajaa harufu ya moshi wa risasi ya kulehemea na ya usipa, dagaa wa ziwani, walioanikwa nje.

Mchana huo mjomba aliazima jenereta ya mwenye duka, akawasha. Valvu ziliwaka rangi ya kaa la moto, boksi likaanza kuvuma. Kisha, gitaa la kaka likiwa bado limetundikwa ukutani, ikatoka sauti ya mwanamume, ya mbali, ikisema Kinyanja, kama watu wa Malawi.

Nilijua ni kaka. Nilidhani amefungiwa humo ndani.

Mama aliingia mbio, mikono imejaa magamba. "Damiani?"

"Dada, hiyo ni redio ya ng'ambo," mjomba alisema taratibu. "Waya zimeinasa."

Leo najua alisema kweli.

"Usizime," mama alisema.

Akaketi sakafuni, sikio kwenye spika, akiitikia, "Ee, mwanangu. Ee," mpaka petroli ikaisha na sauti ikakatika. Akalikumbatia lile boksi, bado likiwa na joto. Ndipo alipopiga yowe, na majirani wakaanza kuja na mikeka ya msiba.