Karatasi Moja ya Faili la Wilhelmina

Si kweli kwamba Mwalimu Wilhelmina Machibya alirukwa na akili baada ya kumzika mumewe. Kilicho kweli ni kwamba alilala siku chache katika jengo la wagonjwa wa akili, na mtu aliyemwona pale dirishani akaitangazia Buhongwa nzima bila kuuliza lolote. Mvua za masika zilikuwa zimeangusha dari la wodi ya wanawake, wagonjwa wakahamishiwa jengo lenye vitanda vitupu. Basi. Lakini nani atahangaika na habari za dari akishapata habari ya kichaa?

Maneno hayo aliyapuuza kwa miaka minne. Safari hii yaliingia hadi sebuleni. Jonathan Odongo, kijana wa watu wa Rorya, alikuwa ameleta posa kwa Rebeka, binti wa mwisho wa Wilhelmina, na ukoo wa Jonathan hauoi kabla shangazi hajaupekua ukoo wa binti: kuna kifafa? Kuna uchawi? Kuna wendawazimu? Shangazi mwenyewe, Rozina Agutu, alipita Buhongwa akijifanya anatafuta dagaa. Aliondoka na dagaa na habari. Wiki hiyohiyo mshenga, mzee Okomo, akapiga simu: mambo ya mahari yasimame kwanza.

"Mama, waache waende," Rebeka alisema, macho yamemvimba.

"Waende wakitaka. Ila hawaondoki na jina la baba yako midomoni mwao."

Kesho yake akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda hospitalini.

Kijana wa dirisha la mafaili aliitwa Mihayo. "Shikamoo, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Nataka nakala ya faili langu."

"Faili ni mali ya hospitali, mayu. Nakala inalipiwa. Tena ingekuwa vizuri baba naye aje, aandike kwamba amekubali."

"Baba yuko makaburini. Ukimwita akaitika, unijulishe. Mimi nimemwita miaka minne."

Mihayo akakohoa, akainamisha kichwa dirishani. "Tatizo mtandao wa malipo hauko. Ila ukinipa chochote mkononi, nakutolea sasa hivi."

Wilhelmina alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliochelewa gwaride. Kulipa ili asome habari za mwili wake mwenyewe kulimuudhi, lakini alikuwa radhi kulipa. Karatasi iliyotoka kwa mlango wa nyuma, Rozina angesema imeghushiwa.

"Nitasubiri mtandao," alisema.

Akaketi kwenye benchi mbele ya dirisha, akatoa sindano na uzi, akaanza kufuma kitambaa cha meza. Kila aliyemuuliza anasubiri nini alijibiwa kwa sauti ya darasani: "Mtandao." Watu wakaanza kumtazama Mihayo. Saa za mchana kijana alirudi kutoka kula, akamkuta palepale.

"Hujala, mayu?"

"Nipe namba ya malipo, nitakula."

Siku ya pili alirudi na kitambaa chake. Kilipokaribia kukamilika, mtandao ukarudi. Alilipa, akapewa stakabadhi, akapewa nakala zenye mhuri. Akazisoma zote palepale, kisha akazifunga mkobani.

Jumapili baada ya misa, Jonathan, shangazi yake na mshenga walikuja kwa mwito wake. Kwanza walikula sato na ugali, maana nyumba ya Machibya haijadiliani na mtu mwenye njaa. Vyombo vilipoondolewa, Wilhelmina akaweka karatasi moja juu ya kile kitambaa kipya. Mzee Okomo akaisoma kwa sauti: mgonjwa amehamishiwa jengo namba tatu kwa sababu ya kuharibika kwa wodi ya wanawake.

Rozina akaivuta karatasi, akaigeuza nyuma na mbele.

"Hii imeandikwa ukurasa wa pili. Wa kwanza uko wapi?"

"Mkobani mwangu."

"Sasa ulikuwa unaumwa nini, mwalimu?"

"Rozina," mzee Okomo akaingilia, "ulitumwa kutafuta kichaa, hakipo. Sasa unatafuta nini, dagaa?"

Jonathan akaziba mdomo kwa kiganja. Rozina hakucheka. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kikiniumbua, karibu msibani ujionee," Wilhelmina alisema, mkono wake ukiwa juu ya mkoba. "Mliuliza kama ukoo huu una wendawazimu. Nimewajibu, na jibu lina mhuri. Yaliyobaki ni ya mwili wangu. Mzee Okomo, kwenye mahari tulifikia wapi?"

Mzee akajiweka sawa kitini, na Rebeka, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akakaa. Rozina akafungua mdomo tena.

"Hata herufi ya kwanza tu, mwalimu?"

"Sisemi."