Gitaa Tulilolipima kwa Mizani ya Kahawa

Siku tuliyochagua gitaa la besi, ghala la chama cha msingi cha ushirika pale Mkumbi lilikuwa tupu. Msimu ulikuwa umekwisha, na kahawa ya mwaka ule karibu yote walikuwa wameibeba wanunuzi binafsi, waliokuja na malori yao, mizani yao na fedha mkononi. Chama kilibaki na jengo, harufu ya magunia, na mizani moja ya kuning'inia yenye ndoana, ambayo hakuna aliyekuwa na haja ya kuiiba.

Chama hicho kilikuwa na bendi. Nilianza kuipigia besi nikiwa nimemaliza darasa la saba, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa virefu na hakuna mwingine aliyeitaka. Wasichana hawamtazami mpiga besi. Chama kilipolemewa na madeni, vyombo viliuzwa pamoja na meza na makabati. Kiongozi wetu, aliyekuwa karani wa mizani hapo chamani na mwimbaji wa bendi, alijikakamua akanunua ngoma na magitaa mawili. Besi ilichukuliwa na mtu wa Songea, hatukuiona tena. Tukabaki wanne: kiongozi, mpiga solo, mpiga ngoma, na mimi niliyekuwa mpiga besi asiye na besi.

Ndipo ulipokuja ujumbe kutoka Mbamba Bay, kule chini ziwani. Mama mmoja wa huko, aliyeanza na mitumba na kuishia na ukumbi wenye genereta, amplifaya na spika kubwa, alitaka bendi ya kukaa. Angetupa chumba, chakula na mshahara wa kila mwezi. Sharti lake lilikuwa moja: tushuke Jumapili moja mchana, tupige, asikie. Akiridhika, tunabaki.

Sijui nieleze vipi jambo hilo lilivyokuwa kwangu. Shamba la baba lilikuwa la kugawana ndugu sita. Nilijua kuchimba ngoro, yale mashimo tunayolimia milimani, na kuchuma kahawa, kama kila mtu wa kwetu, na nilijua kupiga besi, kama watu wachache sana. Wilaya nzima hapakuwa na mahali pengine ambapo jambo hili la pili lingeweza kunilisha.

Magitaa mawili yalifika ghalani siku moja. La kwanza lililetwa na mfanyabiashara aliyekuwa akibadilisha bidhaa kwa kahawa: redio, baiskeli, mabati, na safari hiyo gitaa jipya kutoka Mashariki ya Mbali, jekundu, linalong'aa hata ukajiona uso. La pili lililetwa na mwalimu mstaafu wa Ngumbo, mtu wa ziwani, aliyewahi kupiga katika bendi ya mkoa. Lake lilikuwa la Kijapani, la rangi ya chai, limechubuka pale mkono unapokaa. Lilikuwa kuukuu, na bado alilitakia bei iliyozidi ya lile jipya kwa thamani ya magunia mawili ya kahawa.

Kulikuwa na shida ambayo hakuna aliyeitaja kwa sauti. Mkumbi haikuwa na umeme. Tulikuwa tunachagua gitaa la umeme mahali ambapo haliwezi kusema.

"Weka meno hapa," mwalimu aliniambia, akaonyesha pembe ya juu ya gitaa lake. "Uma kidogo, halafu piga waya wa chini."

"Mwalimu, unamfundisha kula gitaa?" mpiga ngoma akauliza. "Huyu hajashiba hata ugali."

Niliuma. Nikapiga. Sauti ikaingia kwenye fuvu la kichwa, ikakaa, ikaendelea kukaa. Nikaenda kwa lile jekundu, nikauma pale pale. Ilikuja kwa nguvu, ikakatika, kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Hili la mwalimu linakaa zaidi," nikasema.

Kiongozi alikuwa na kipimo chake. Alikuwa amefunga kamba kwenye gitaa jekundu na kulitundika kwenye ndoana ya mizani. Sindano ilishuka. Akalitoa, akalitundika la mwalimu. Sindano ilishuka kidogo tu, ikasimama.

"Mmeona," akasema.

Tuliona. Mtu asiyetoka kwetu huenda akacheka, lakini sisi hatukucheka. Kahawa ikishamenywa humwagwa ndani ya maji. Iliyo nzuri huzama, ile tupu huelea na kuenguliwa. Kwetu sisi Wamatengo, mtoto hulijua hilo kabla ya kujua kusoma. Kiongozi alikuwa ametumia miaka yake yote ya kazi kusema neno moja, zito, na neno lingine, jepesi, na maisha ya watu yalikuwa yakitegemea maneno hayo.

"Shikamoo mwalimu," akasema, ingawa walikwisha kuamkiana. "Sitaki kukuvunjia heshima. Lakini kitu chepesi kinaelea. Na hili lako ni jepesi, ni kuukuu, na ni ghali."

"Marahaba. Kwani mnataka kulipigia muziki au kulisaga?"

"Tunataka lenye mbao."

"Lina mbao. Mbao nzuri iliyokauka ni nyepesi. Muulize mchonga mtumbwi yeyote kule kwetu."

"Mitumbwi ni ya kwenu, mwalimu. Sisi hapa tunapima."

"Kijana ameuma, amesikia," mwalimu akasema, akinionyesha kwa kidevu.

"Meno si mizani," kiongozi akajibu, na mpiga solo akacheka, na jambo likawa limekwisha: tukachukua lile jekundu.  Nilikuwa nimesikia tofauti, ila sikujua tofauti hiyo ilitoka wapi, na katika ghala lile mtu asiyeweza kueleza sababu alikuwa sawa na mtu asiyesikia.

Sababu nilizijua baadaye, kwa kufungua magitaa mabovu ya watu moja baada ya jingine na kusoma kila karatasi niliyoipata. Nitaziandika hapa kama zilivyo. Katika ngazi ya chini ya bei, mnunuzi hununua sura. Kiwiliwili cha gitaa kimetengenezwa kwa plaiwudi, tabaka juu ya tabaka, na gundi na rangi nene ndivyo vinavyoleta uzito. Shingo ni ya mti uliotiwa kazini kabla haujakauka. Vifungo vya kukazia nyuzi huteleza. Katika ngazi ya kati mnunuzi hununua shingo: mti uliongojewa ukauke, vyuma vinavyokatiza shingo vilivyopigwa msasa vikalingana, vifungo vinavyoshika. Kila kitu kingine kinaweza kubadilishwa baadaye, shingo haibadilishwi kirahisi.

Ngazi ya juu niliishika mara moja tu, Songea, gitaa la Kimarekani la bendi iliyokuwa safarini, wakati mwenyewe anakula. Nililitarajia liwe muujiza. Halikuwa. Kila sauti ilikuwa na uzito ule ule, kutoka waya wa juu hadi wa chini, hakuna iliyoruka wala iliyozama. Hiyo ndiyo tofauti yote. Kutoka ngazi ya kati kwenda ya juu ni hatua fupi yenye bei kubwa. Kutoka ya chini kwenda ya kati ndipo penye korongo, na korongo hilo ndilo sisi tulishindwa kulivuka kwa sababu ya magunia mawili ya kahawa na sindano ya mizani.

Tuliteremka Mbamba Bay juu ya lori lililokuwa likifuata usipa, dagaa wa ziwani. Kwetu asubuhi watu huvaa makoti. Kule chini joto lilitupokea kama mlango wa tanuri la matofali, na gitaa lilikuwa juu ya mzigo, limefungwa turubai, kwenye jua. Tulipofika ukumbini nilitazama shingo yake na kuona imejikunja kama upinde, nyuzi zimesimama juu mbali na vyuma. Niliikaza sauti kwa vifungo, ikateleza. Nikaikaza tena. Vidole viliniuma kabla hatujaanza.

Ukumbi ulikuwa umejaa, Jumapili ile, watu wametoka kanisani na nguo zao nzuri. Wimbo wa kwanza walicheza. Wa pili walianza kusitasita. Nilikuwa nikishika mahali sahihi na sauti ikitoka si yenyewe, imeshuka kidogo, na kidogo hicho kwenye besi ni kama nguzo ya nyumba iliyopinda: watu hawaioni, lakini hawakai chini yake. Kwenye waya wa chini hakukutoka sauti kabisa, ulikuwa mshindo tu.

"Nyie watu wa milimani," mzee mmoja wa meza ya mbele akapaza sauti, "mmezoea kuchimba mashimo mashambani, mmechimba mpaka kwenye wimbo!"

Ukumbi ukacheka. Ni utani wetu wa siku zote, Wanyasa na sisi, na siku nyingine kiongozi angemjibu kwamba heri shimo lenye mahindi kuliko mtumbwi wenye tundu. Siku hiyo aliimba tu, macho ameyafumba.

Mama mwenye ukumbi alitulisha vizuri. Tulipomaliza kula alivuta kiti.

"Wewe baba sauti unayo," alimwambia kiongozi. "Na huyu wa solo ana mkono. Lakini chini hamna kitu. Watu wanachezea chini, hawachezei juu." Akanigeukia. "Kosa ni lako au la gitaa?"

"La gitaa, mama."

"Mjomba, kila anayeshindwa hapa huwa kosa ni la chombo." Hakusema kwa ubaya. Alifikiri kidogo. "Jumapili ijayo. Njooni na besi nyingine. Nikisikia chini, chumba chenu kile pale. Nisiposikia, kuna mtu ananiletea deki na kaseti kutoka Dar, sitawangoja."

Kesho yake tulienda Ngumbo, kwa mwalimu. Tulimkuta nje, amekaa chini, anatengeneza wavu mpya uliofunika nusu ya ua. Kiongozi alimwamkia, akakaa chini pia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya mbele ya mtu wa ziwani.

"Tumekuja kwa lile gitaa, mwalimu. Tutalipa bei yako, msimu ujao, na nyongeza."

Mwalimu aliendelea kufunga fundo. "Hilo hapo unalikalia."

Kiongozi akatazama chini, akaona wavu, akasogea.

"Lilivuka ziwa," mwalimu akasema. "Walikuja watu wa ng'ambo, wa kwaya yao. Hawakupima. Mmoja aliuma tu, akatoa fedha. Mimi ni mzee, gitaa halinivulii usipa."

Aliomba aone letu. Akalishika kama bunduki, akaitazama shingo kwa jicho moja, akatikisa kichwa. Alikuwa na ufunguo mdogo unaoingia kwenye chuma kilichofichwa ndani ya shingo. Aliuzungusha polepole, na kwa muda tuliiona shingo ikinyooka, nikapiga waya wa chini na ukaimba. Mpiga ngoma alisema, "Haya!" Mwalimu akazungusha robo nyingine. Ndani pakasikika mlio mkavu wa kitu kuvunjika, na nyuzi zikainuka tena zote kwa pamoja.

"Mti ulikuwa mbichi," akasema. "Poleni, wanangu."

Jumapili iliyofuata tulirudi Mbamba Bay kumuaga mama yule, kwa adabu, na kwa sababu lori la kurudi lilianzia pale. Hatukubeba gitaa. Deki ilikuwa imekwisha kufika. Alikuwa ameiweka juu ya jukwaa, mahali tuliposimama sisi, na ukumbi ulikuwa umejaa kuliko ile siku yetu. Mpiga ngoma alisimama mlangoni kwa muda, kisha mguu ukaanza kumcheza, kisha akaingia. Mpiga solo akamfuata. Kiongozi alisema lori halijaondoka bado, akaingia naye, akacheza taratibu kama wachezavyo watu wazima, bila kumtazama mtu.

Mimi nilibaki nimeegemea ukuta karibu na spika. Besi iliyokuwa ndani ya kaseti ile ilipigwa na mtu nisiyemjua, kwenye gitaa zuri, lenye shingo iliyonyooka. Nilijua kila mahali alipoweka kidole. Nilijua pale atakaposhuka kabla hajashuka, na aliposhuka, watu wote ukumbini walishuka naye. Vidole vyangu vilimfuata kwenye mshono wa suruali mpaka upande mmoja wa kaseti ulipokwisha. Mama akaja kuigeuza, akanipita pale nilipo, akasema, "Sasa unasikia chini?"

Nikamwambia nasikia.