Nilimwambia Ahesabu Watoto Wake

Leo nimemlazimisha mama mmoja mgonjwa kuhesabu watoto wake.

Ametembea kutoka shamba la Mzungu kule Soy, homa imempanda, mtoto yuko mgongoni.

"Huyu, Mungu ashukuriwe, amelala njia nzima," akaniambia.

Mimi dresa, msaidizi wa daktari, nikaanza kazi yangu. Ulimi, macho, mapigo ya moyo. Halafu yale maswali ya daktari Mzungu, ambaye hataki hata moja likose jibu.

"Mama, umezaa watoto wangapi?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Watoto hawahesabiwi. Ukiwahesabu, unawaitia kifo."

Hata kwetu ni hivyo, mnajua. Lakini nikiwa na koti jeupe hapa Eldoret najifanya nimesahau.

"Hapa ni hospitali, mama. Hesabu tu."

Akahesabu polepole, kidole kwa kidole. Wa mwisho akampapasa mgongoni.

Akampapasa tena.

Tukafungua shuka aliyombebea. Mtoto alikuwa baridi, amekakamaa. Alikuwa amekufa zamani, huko njiani.

Mama hakulia. Alisema tu, "Si nilikukataza?"

Jamani, jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini ningemwambiaje kwamba amebembeleza maiti njiani, kabla hata ya kuhesabu?

Nikasema, "Nisamehe, mama. Ni mimi."

Basi akaikataa dawa yangu. Nani anakunywa dawa ya mtu aliyemuua mwanawe? Amerudi Soy kwa miguu, na mtoto wake, na homa yake.

Ninyi mngemjibu nini?