Mama Chlore na Mpira Unaoteleza

Katika hospitali moja ndogo ya mji wa Baraka, Kongo, walimwita Mama Chlore, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Émilienne, mzaliwa wa Swima, kijiji cha wavuvi, alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo kipindupindu kilibisha hodi mara nyingi. Kila kilipokuja alisimama mlangoni na ndoo yake ya maji ya klorini, chlore kwa Kifaransa cha hospitali, na hakikupita kiatu wala sahani bila kulowa. Watu walipona. Basi akaiamini klorini kwa moyo wote, hata wenzake wakamtania kwamba akiachwa karibu na padri atamwaga kidogo kwenye maji ya ubatizo.

Kitu kimoja tu kilimshinda: sonde, ule mpira mwembamba unaotiwa mgonjwa kutoa mkojo. Vijidudu vinaupenda mpira ule. Vinaushika, vinajijengea ute wao, kisha unakuwa mgumu kama ukoko wa sufuria na mpira unaziba. Kwa mwanamke aliyeshonwa fistula, tundu la kibofu linaloachwa na uchungu mrefu wa kuzaa, kuziba ni balaa, maana mkojo ukikosa njia unarudi na kupasua nyuzi.

Ndivyo ilivyompata Concilie, mkimbizi wa Burundi aliyekaa kambi ya Lusenda. Uchungu wa siku tatu ulimchukulia mtoto na kumwachia mkojo unaovuja usiku na mchana. Alitembea na kipande chake cha shitingi, turubai la plastiki, cha kukalia, asije akamchafulia mtu kiti. Alishonwa mara ya kwanza, sonde ikaziba. Alishonwa mara ya pili, safari hii kwa sonde mpya zilizoletwa na watafiti kwa majaribio, zenye utando mwembamba unaonyonya maji ili vijidudu vikose pa kushika. Nazo zikaziba vilevile.

Sasa alikuwa amerudi kwa mara ya tatu. Docteur Néhémie, mpasuaji, hakumficha kitu.

"Dada Concilie, hii njo ya mwisho. Nyama ya kushona haiko tena."

Concilie akaitikia kwa kichwa. Docteur akamgeukia Émilienne. "Na hizi sonde za watafiti, Mama, tutabarudishia Ijumaa. Bagonjwa tisa, na bote sawa na zamani. Ni uongo tu."

Alhamisi asubuhi Émilienne alikaa kufunga makatoni. Pakiti moja ilikuwa imepasuka, na kwa kuwa haifai tena kwa mgonjwa, akaipeleka bombani kuisuuza kabla ya kuitupa. Mpira ukalowa, ukamponyoka. Akauokota, ukamponyoka tena. Akashangaa, kwa sababu alikuwa ameweka sonde hizo kwa mikono yake mwenyewe na hata moja haikuwahi kumteleza.

Akaenda kwenye ndoo yake. Humo mlikuwa na sonde nyingine ya watafiti, iliyolowekwa tangu alfajiri kama kawaida, kwani zamani, mipira ilipokuwa haba, waliiosha kwa klorini na kuitumia tena, na mkono wake haukujua kuiweka sonde yoyote bila kuilowesha kwanza. Akaishika. Ikatulia kwenye vidole kama kamba.

Mtoto wa mvuvi hafundishwi jambo hilo. Kwao Swima, kambale hashikiki mpaka umpake majivu. Utelezi ukiisha, hata mtoto anambeba. Émilienne akasimama na mpira mkono huu na mpira mkono ule, akiilinganisha. Utelezi ule ndio uliokuwa utando wa watafiti, na haukuwa uongo. Yeye ndiye aliyekuwa akiutoa kila asubuhi kwa ndoo yake mwenyewe, na Concilie alivuja kwa miezi mingine minne kwa sababu hiyo.

Mazoea yana taabu, na taabu kubwa kuliko zote ni kuyakiri mbele ya watu uliowafundisha. Angeweza kunyamaza. Makatoni yangeondoka Ijumaa na hakuna ambaye angejua. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo hiki kingemuumbua Concilie, si yeye. Akaingia kwenye mkutano wa asubuhi na mipira yake miwili, akaviweka vidole vya daktari juu ya mmoja, kisha juu ya mwingine.

"Docteur, kosa ni ya mimi. Ile kitu inateleza, mi njo nilikuwa naitoa na chlore. Hizi sonde ziko muzuri. Ni mimi nilikuwa naziua."

Fanny, muuguzi aliyefundishwa na Émilienne mwenyewe kulowesha kila kitu, akatazama chini.

"Na sasa unataka nini?" akauliza Docteur Néhémie.

"Usirudishe makatoni. Umupasue Concilie, mi mwenyewe nitaweka sonde, toka ndani ya pakiti, na maji safi tu. Chlore ibakie kwa sakafu."

Daktari akaendelea kuusugua ule mpira kwa kidole gumba, kisha akacheka, akacheka sana. "Mama Chlore anakataza chlore! Leo mvua itanyesha."

Kisha Émilienne akamwendea Concilie mwenyewe, akamweleza yote, bila kujitetea. Concilie alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Uweke wewe. Mwenye kujua kosa hatalirudia."

Wakamshona Jumatatu. Siku kumi na nne Émilienne aliinama kando ya kitanda kile asubuhi na jioni, akitazama mkojo ukishuka kwenye mfuko. Siku ya tano, ile ambayo mara ya pili ulianza kuchafuka, ulikuwa mweupe. Siku ya kumi, mweupe. Siku ya kumi na nne akautoa mpira, akaupasua kwa wembe mbele ya daktari. Ndani hamkuwa na ukoko hata punje.

Lakini mpira msafi si mwanamke aliyepona. Wakampa Concilie maji ya kunywa, wakangoja. Saa moja ikapita, na nyingine. Mwisho akaomba beseni, akaenda nyuma ya pazia, na wodi nzima ikasikiliza. Mkojo ukalia kwenye beseni kwa nguvu, ukakoma pale alipotaka ukome. Kina mama waliokuwa vitandani wakapiga vigelegele kana kwamba bibi harusi ameingia, na Émilienne akapiga kuwashinda wote, huku machozi yakimtiririka bila aibu.

Concilie akatoka nyuma ya pazia. Akasimama katikati ya wodi, miguu imeachana kidogo, akangoja. Kisha akatazama sakafu chini yake. Ilikuwa kavu.