Aliyeitikia Karibu Yangu

Sina sababu ya kukudanganya. Ningetaka kutunga, ningetunga kitu cha kunipa sifa, na hiki hakinipi. Jina la hoteli nitaliacha, maana watu bado wanafanya kazi pale. Ukitoka Kilwa Kivinje kuja Lindi kuna njia ya vumbi inashuka baharini. Itoshe hapo.

Mimi ni fundi wa majokofu. Nina miaka arobaini na kitu, na tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kukaa mji mmoja miaka miwili. Siku hiyo nilikuwa nakwenda nyumbani Rasbura kwa mama, baada ya miaka mitatu ya kuahidi kwa simu. Hoteli ile ikaniita njiani, friza la samaki limezima. Nilimaliza saa nane, na msimamizi akaniambia nikae barazani kama mgeni, nile nitakacho.

Ilikuwa hoteli ya kujivunia vya hapa hapa. Ubaoni waliandika kwa chaki kila chakula kinatoka wapi: pweza wa ufukweni, mbaazi za Mingoyo, korosho za jirani. Na chini kabisa, ming'oko. Nilisoma neno lile mara mbili. Kama hukukulia kwetu, ming'oko ni mizizi ya porini, myembamba kama vidole. Inachimbwa kiangazi, inachemshwa, unaimenya na kuichovya kwenye chumvi na pilipili. Mama alikuwa akitupikia kwenye chungu kilichofunikwa majani. Nimezunguka mikoa mingi, niamini, na sikuwahi kuikuta mezani. Nikaagiza sahani nzima.

Nilikuwa peke yangu, saa tisa mchana, jua kali. Nimemenya mitatu hivi, nikaona mama mmoja mtu mzima amesimama pembeni ya meza, kanga imepauka, kikapu kitupu mkononi. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Hapo ningepaswa kujua. Nani kwetu anaiacha shikamoo hewani? Lakini nilikuwa na chakula mdomoni, na wewe unatujua tulivyo: mtu akikukuta unakula, neno linatoka lenyewe.

"Karibu," nikasema.

Jibu lake unalijua pia. Mtu anasema asante, starehe, halafu anapita. Nimesema karibu maisha yangu yote, na sidhani kama nimeimaanisha mara kumi. Yeye alivuta kiti akakaa.

Alikula polepole, bila chumvi. Kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu. Nilimsogezea pilipili, hakuigusa. Alichosema ni hiki tu, macho kwenye sahani:

"Muda mrefu sijaambiwa hivyo hapa."

Nikageuka kumwita mhudumu alete maji ya kunawa. Nilipomrudia, hayupo, na kiti kimesukumwa chini ya meza kama hakikuguswa. Maganda ya upande wangu yalikuwa bado na unyevu. Ya upande wake yalikuwa makavu, yamejikunja, kama ya mwezi uliopita. Sahani ilikuwa tupu, na mimi nilikuwa na njaa ya mtu ambaye hajatia kitu mdomoni tangu juzi.

Nikaenda jikoni. Mpishi wao, Bi Somoe, alikuwa amenitania asubuhi nzima kwamba friza linaniogopa sura. Nikamsimulia huku nacheka. Yeye akaacha kukuna nazi.

"Ulimwambia karibu?"

"Si ndiyo desturi?"

"Fundi, hujaona sisi hapa tunakula tumefunga midomo?"

Kweli nilikuwa nimeona. Asubuhi niliwapita wafanyakazi wakinywa chai na mihogo, hakuna aliyenikaribisha, nikasema moyoni hawa wameharibiwa na wageni wa kizungu.

Bi Somoe akanieleza. Mama yule ndiye aliyekuwa akiwaletea ming'oko. Msimamizi alikataza wauzaji wa mlango wa nyuma wasikaribishwe chakula, asije akawazoesha. Siku moja mama yule akasubiri na kikapu chake tangu alfajiri, jua la kiangazi, na wao wote wakala mbele yake kimya. Alianguka njiani akirudi kwao, hakuinuka tena. Tangu siku ile anakuja kusimama mezani, anangoja aambiwe.

Dereva wa samaki aliwahi kumwambia karibu. Akakonda, haoni shibe, hata ale nini. Mpaka siku mkewe alipomwona mgeni mlangoni, akamkaribisha.

"Dereva kanenepa tena," alisema Bi Somoe. "Mkewe tumemzika. Na huyu mama akarudi hapa. Kwa hiyo kula peke yako, fundi. Atakuwa na wewe mpaka mtu mwingine amkaribishe."

Sikufika Rasbura siku ile. Nilipanda gari la kurudi Kivinje. Mama yangu ni mtu wa kukaribisha hata mlio wa ndala uani, ningemfikishiaje mgeni huyo? Miezi mitano nikala nimefunga mlango, na kila mara upande wa pili wa sinia nikakuta makombo makavu. Mkanda niliutoboa matundu matatu mapya. Mama alipiga simu, akauliza kama nadharau mkono wake. Nikamwambia kila kitu, nikamwomba asimkaribishe mtu asiyeitikia salamu. Akacheka. Akasema atapika vipi na kunyamaza, kwani yeye mwizi?

Kisha jirani akanipigia kwamba macho ya mama yanazidi kufifia. Ningekaaje? Nikaenda. Nilichagua saa kumi, si saa ya chakula, nikapanga nisiguse kitu. Nikamkuta mkekani na bakuli la muhogo wa kuchemsha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipapasa uso, akalia jinsi nilivyokonda. Halafu akaangalia mlangoni, nyuma yangu.

"Na mwenzako mbona amesimama? Karibu, mama, karibu tule."

Nikageuka. Mlango ulikuwa mtupu. Nikajiambia ni yale macho yake. Ndivyo nilivyojiambia, nikamuaga kabla jua halijazama, nikisema kuna kazi inaningoja.

Nilipofika Mingoyo nikaingia kwa mama ntilie mmoja, nikaagiza wali na maharage. Tonge la tano au la sita, nikahisi kitu tumboni ambacho nilikuwa nimekisahau. Nilikuwa nashiba. Ndugu yangu, nilijua palepale maana yake. Na nikaendelea kula. Nilimaliza sahani, nikaifuta kwa kidole, ndipo nikasimama kutafuta gari la kurudi kwa mama. Hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Sasa naishi Rasbura, sizunguki tena. Mama anakula vizuri tu, na mifupa ya mabega imemtoka. Anasema mgeni wake hana maneno mengi ila ana adabu. Mimi nimenenepa. Kila tukikaa mkekani naangalia upande ule mtupu, nasema karibu, njoo kwangu, karibu. Sasa naimaanisha kwa moyo wote. Hakuna anayeitikia.

Kwa hiyo ukila ugenini na mtu akasimama karibu yako, mwamkie kwanza. Ngoja marahaba. Asipoitikia, inamisha kichwa utafune, waache wakuite mchoyo. Na ukipita uani kwetu ukanisikia nasema karibu, wewe pita tu. Si wewe ninayemwita.